Ushauri: Mzee wangu wa miaka 69 masikio yanagoma na hospitali hataki, tuanzie wapi?

Mwana_Kilosa: Wakuu habari za jioni, naomba ushauri maana hapa nyumbani tumegawanyika. Baba ana miaka 69, karibu ujana wake wote kasimamia mashine ya kusaga nafaka na sasa masikio yameanza kumgomea. Siyo kwamba hasikii kabisa, mkiwa wawili chumbani anakuelewa vizuri tu, ila wakikaa watu wanne watano wanaongea basi anabaki kuitikia "ehee, ehee", na wajukuu ndo kabisa, anasema wanakula maneno. Siku hizi hata bao haendi kucheza, anasema kunamchosha. Tukigusa habari ya hospitali anajibu huu ni uzee, baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Mdogo wangu kaona mtandaoni vile vimashine vya kuchomeka sikioni bei chee anataka tununue, mimi nasita. Aliyepitia hili anisaidie.

Kaka_Shamba: Pole mkuu. Sisi kwetu tunapasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, unadondoshea matone mawili yakiwa vuguvugu. Jaribuni hiyo kwanza kabla hamjamaliza hela.

Nesi_Mstaafu: Kaka_Shamba hapana tafadhali. Hatujui kama ngoma ya sikio la mzee ni nzima, ikiwa imetoboka hayo mafuta yanaingia hadi ndani na ndo mwanzo wa usaha.

Mwana_Kilosa, mzee wako hasingizii wajukuu, ndivyo anavyosikia kweli. Ndani kabisa ya sikio tunazaliwa na chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila upande, zikifa hazioti tena, na zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Kwa hiyo anasikia kwamba mtu anaongea lakini s, f na sh zinampita, na sauti za watoto nazo ni nyembamba, basi maneno yanamfikia nusu nusu. Umri unachangia na ile mashine imechangia pia. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mtu anatakiwa asikae nayo zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila ikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu, yaani 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Sasa piga hesabu mtu aliyeshinda pale miaka yote hiyo.

Anzeni kwa daktari kumchungulia masikio, maana kuna wazee wanaonekana viziwi kumbe ni nta imeziba, ikitolewa wanasikia siku hiyo hiyo. Vile vijiti vya pamba acheni, vinaisukuma nta ndani zaidi. Baada ya hapo kliniki ya masikio, pua na koo wampime usikivu. Hakuna sindano hakuna maumivu, anakaa chumba kimya anavaa hedifoni, akisikia mlio anabonyeza kitufe. Bebeni na orodha ya dawa zake zote. Pia sukari na presha visiachwe nyuma, vinaharibu mishipa midogo ya sikio.

Mwana_Kilosa: Asante sana mama. Dawa umenikumbusha kitu, miaka ya 80 alitibiwa TB, alichomwa sindano muda mrefu. Inahusika?

Nesi_Mstaafu: Inaweza kuhusika kabisa. Streptomycin ilikuwa inatumika sana enzi hizo na inaweza kuharibu sikio la ndani, gentamicin, dawa nyingine ya kuua bakteria, nayo hivyo hivyo. Mwambieni daktari. Na jingine wote mlijue, sikio likizima ghafla, hasa la upande mmoja, hiyo ni dharura, mtu afike hospitali ndani ya siku tatu. Msingoje lifunguke lenyewe.

Bi_Kisauni: Salaam kutoka Mombasa. Mamangu alikuwa vivyo hivyo, mkaidi kweli kweli. Hatukumwambia hasikii, tulimwambia twende sote tukapimwe, mimi nikakaa mwanzo yeye akafuata. Vile vya bei rahisi msinunue, vyapaza kila kitu, hata zile sauti nzito ambazo mzee azisikia bado, akija kuvaa kichwa chamuuma avitupe. Kifaa cha kweli hupangwa kulingana na kipimo chake. Siku za mwanzo atalalamika, kijiko kikigonga sahani chamshtua, sauti yake mwenyewe aiona ngeni. Avae saa chache nyumbani pakiwa kimya, aongeze pole pole, wiki kadhaa atazoea. Na kwa joto letu la pwani jasho ni adui, usiku akivue afungue mlango wa betri, akiweke kwenye kikebe chenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kama ni zile betri zenye karatasi ya kubandua, usibandue mpaka uwe tayari kuitumia, ukishabandua yaanza kuisha hata ikiwa mezani.

Mwl_Tabora: Hilo la kuacha bao mimi ndo limeniuma zaidi. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2023, wazee 977 wa miaka 70 hadi 84, wakafuatiliwa miaka mitatu. Kwa wote kwa jumla vifaa vya kusikia havikuleta tofauti kwenye akili na kumbukumbu, ila kwa wale waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kupoteza kumbukumbu, kushuka kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Kwa hiyo usikubali ile ya "ni uzee tu". Huku mkisubiri kliniki, ongea naye ukiwa mbele yake, mwanga uwe usoni kwako, zima redio, na usipige kelele maana kelele inavuruga maneno. Asipoelewa sema kwa maneno mengine badala ya kurudia yale yale. Na bao mtafutie mwenzake mmoja waje wacheze hapo nyumbani.

Mwana_Kilosa: Mungu awabariki. Swali la mwisho, mdogo wangu ndo anaendesha ile mashine sasa hivi. Yeye afanyeje?

Nesi_Mstaafu: Pamba ya kawaida haitoshi kuzuia kelele. Anunue vile vya sponji vya kuziba masikio, hata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi vipo. Mikono iwe misafi, akisokote kiwe chembamba, mkono mwingine uvute sikio juu na nyuma, akiingize, akishikilie na kidole mpaka kijae. Kikibaki kimening'inia nje hakijaingia, arudie. Na avae kabla hajawasha mashine.