Toyota Fielder au Honda Fit: ipi ya kuchukua ikiwa imeshatumika?

Mwendo Pole:
Wakuu, nimebaki na gari mbili za kuchagua: Toyota Corolla Fielder na Honda Fit GE8, zote za 2010, cc 1500, CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), petroli tupu. Kazi yake ni mjini kwenye foleni siku nyingi za wiki, na mara mojamoja safari ndefu, watu wanne na mizigo. Kila ninayemuuliza ananijibu "Toyota haifi", lakini sababu hatoi. Nipeni hoja za kiufundi, ushabiki tuuache.

Fundi Gia:
Angalia giaboksi kwanza, nembo baadaye. Injini zenyewe hazina shida: 1NZ-FE ya Fielder na L15A ya Fit zote zinatumia cheni ya taimingi, na zikibadilishwa oili kwa wakati zinadumu sana. Fit ina nguvu kidogo zaidi, farasi 120 hivi kwa 110 za Fielder, ila mjini hutaona tofauti.

Kinachoua gari hizi ni CVT iliyotiwa oili isiyo yake. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili. Hauna meno, unashika kwa msuguano, na msuguano huo umepangwa kulingana na oili maalumu. Ukitia ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki zisizo CVT), mkanda unateleza, uso wa puli unachunika, na unga wa chuma unasambaa kwenye njia za oili. Ikifika hapo mara nyingi unabadili giaboksi nzima.

Fit GE inataka oili ya Honda iitwayo HMMF. HCF-2 ni ya Honda zilizokuja baadaye. Muuzaji akikwambia "hii ni mpya zaidi, inafaa zote", kataa. Toyota nayo ina oili za CVT za aina mbili, TC na FE, kwa hiyo soma kitabu cha gari lenyewe. Badilisha kila kilomita 40,000, na kwa foleni zako ningeshuka hadi 30,000. Mwaga ya zamani, ipime kwenye chombo chenye alama, rudisha kiasi kilekile cha mpya, kisha hakiki kipimo kama kitabu kinavyoelekeza. Gari usiyoijua historia yake usiisafishe giaboksi kwa mashine ya presha.

Kwenye majaribio, endesha angalau dakika 20 hadi ipate moto sawasawa, maana CVT mbovu hujificha ikiwa baridi. Kisha:
– Kanyaga mafuta kidogo tu, mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa. Ikitetemeka kama inapita kwenye matuta madogo, achana nayo.
– Rudi nyuma kwenye kilima. Ikichelewa kushika huku mzunguko wa injini ukipanda, achana nayo pia.
– Soma misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari kwa mashine. Kama kumbukumbu imefutwa muda mfupi uliopita, muulize muuzaji kwa nini.

Mwendo Pole:
Asante mkuu. Ile Fit inatetemeka ikiwa imesimama kwenye D. Ndiyo hiyo CVT?

Fundi Gia:
Si lazima. Ikiwa imesimama na breki imekanyagwa, peleka N. Mtetemo ukipungua sana, anza na mauntingi za injini (vishikizo vya raba vinavyoibeba), hasa ile ya pembeni yenye majimaji ndani. Ikipasuka utaona imevuja. Usipobadilika, nenda kwenye plagi, koili na throto (mlango wa hewa ya injini) iliyojaa uchafu.

Tepeti:
Jambo moja ambalo wenye Honda wengi hawalijui: vali za L15A hurekebishwa kwa skrubu. Injini ikiwa imepoa kabisa, nafasi ya vali za kuingiza hewa iwe 0.15–0.19 mm, za kutolea moshi 0.26–0.30 mm. Zikague kila kilomita 80,000 hivi, usingoje kelele. Vali iliyolegea angalau utaisikia. Iliyokaza iko kimya, haifungi vizuri, inaungua ukingo, na injini inaanza kusita ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta). Kwenye 1NZ-FE hakuna skrubu. Ukitaka kurekebisha unatoa kemshafti (shafti inayofungua vali) na kubadili vikombe vilivyo juu ya vali kwa unene, lakini ni nadra kufikia huko.

Fielder nayo ina lake. Chungulia kwenye tenshena ya cheni (kifaa kinachoikaza), ile oringi yake huchoka na kuvujisha oili, na watu hukimbilia kulaumu gasketi ya kifuniko cha juu. Pia washa ikiwa imelala usiku kucha: cheni ikigonga zaidi ya sekunde chache, imerefuka au oili imepuuzwa.

Mzigo Mzito:
Watu wanne na mizigo yao? Fielder, kwa sababu ya buti tu. Fit tangi lake liko chini ya viti vya mbele, hivyo viti vya nyuma vinakunjwa kwenda juu na unasimamisha hata kitu kirefu pale, ila viti vikiwa na watu faida hiyo huna.

Ukichukua Fit, angalia nati za magurudumu. Rimu za kiwandani za Honda zina kikalio (sehemu nati inapokaa) cha mviringo, na za mtaani nyingi ni za koni. Nati zikichanganywa, mguso unakuwa mdogo na zinalegea zenyewe. Kaza kwa Nm 108. Rimu za Toyota pia zisikudanganye kwa kuwa matundu manne yanalingana (4x100, yaani manne kwenye duara la mm 100): tundu la kati ni 54.1 mm, na kitovu cha Honda ni 56.1, haziingii.