Mwanangu ameambiwa Cook alipokelewa na "marafiki" Australia. Wazazi mlioko huku, nanyi mmeletewa haya?

Wanajamvi, nimekasirika na sitapunguza maneno.

Binti yangu yuko darasa la nne hapa Sydney. Karudi na karatasi ya zoezi: picha ya Endeavour, meli ya nahodha Mwingereza James Cook, ya kupaka rangi, na chini yake anatakiwa awe baharia wa Cook, aandike shajara ya siku aliyokutana na marafiki wapya ufukweni. Darasa zima limepewa hiyo hiyo. Hakuna hata mtoto mmoja aliyeambiwa asimame upande wa nchi kavu.

Marafiki gani? Tarehe 29 Aprili 1770, pale Kamay, ghuba ambayo ramani zinaiita Botany Bay, wanaume wawili wa Gweagal, wenyeji wa pale, walisimama kwenye miamba kuzuia mashua zisifike. Wawili tu, mbele ya mashua zilizojaa watu wenye magobore. Cook akafyatua risasi ya kwanza katikati yao. Hawakukimbia, mmoja akaokota jiwe akamrushia. Risasi ya pili, ya marisawa, ikampata mmoja wao, naye akaenda kuchukua ngao. Wazungu wakashuka, mikuki ikarushwa, ikapigwa ya tatu. Haya si maneno ya wanaharakati, ni shajara ya Cook mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo kila nikilifikiria damu inanichemka. Kwenye kibanda cha magome ya mti walikutwa watoto wadogo wanne au watano wamejificha. Watoto! Wamesikia milio yote ile. Wageni wakawaachia shanga, wakabeba mikuki 40 hivi, wakaondoka. Kesho yake shanga zikakutwa pale pale, hazijaguswa. Unalo somo la watoto wa miaka tisa lenye watoto ndani yake, na wewe unawapa meli wapake rangi?

Mikuki minne kati ya ile ilikaa Cambridge, Uingereza, zaidi ya miaka 250. Imerudishwa Aprili 2024 kwa jamii ya wenyeji ya La Perouse, inayoishi kwenye ghuba ile ile, humu humu Sydney. Wazee wapo, si watu wa kusomwa tu kwenye vitabu. Wangeweza kualikwa.

Nilipomwandikia mwalimu, jibu lake ni kwamba watoto ni wadogo mno kwa habari za bunduki. Sikubali. Mtaala wa taifa wenyewe, darasa hili hili la nne, unataka wajifunze ujio wa meli za 1788, zilizoleta walowezi wa kwanza wa Kiingereza, uliwaathiri vipi wenyeji, na kwamba wenyeji waliuona ni uvamizi. Anayeogopa bunduki basi aanze na kasa. Miezi michache baadaye Endeavour ilipasuka, ikakaa wiki saba ikitengenezwa kwenye mto wa Waguugu Yimithirr, wenyeji wa kaskazini mwa Queensland, ilipo Cooktown leo. Mabaharia wakavua kasa kama 12 kwenye bahari ya watu. Wenyeji wakapanda melini kuomba hata mmoja, wakanyimwa. Wakashuka kwa hasira, wakachoma nyasi kuzunguka kambi. Cook akajeruhi mmoja. Kisha akatokea mzee ameshika mkuki usio na ncha, wakakaa chini wakapatana. Mtoto gani haelewi kunyimwa chakula kilichotoka kwenu? Mtoto gani haelewi mzee anayekuja kusuluhisha?

Na hiyo habari kwamba bara lilikuwa limejifungia likimsubiri Cook nayo ikome. Waholanzi walifika Cape York, ncha ya kaskazini ya bara hili, 1606. Wamakassar, mabaharia wa Sulawesi iliyoko Indonesia ya leo, walikuwa wakija kaskazini kwa wenyeji wa Wayolngu kuvuna majongoo bahari na kufanya biashara. Na 1944, kwenye kisiwa cha Marchinbar, huko huko kaskazini mwa Australia, ziliokotwa sarafu tano za shaba za masultani wa Kilwa. Kilwa yetu hii! Binti yangu alistahili kuyasikia hayo darasani, si kwangu jikoni.

Sikimbilii ukoloni wetu kufananisha. Waaborijini wana historia yao, na sisi wahamiaji tunaishi juu ya ardhi yao. Sitaki mwanangu akue kwenye nchi ya watu huku amefundishwa kutowaona.

Ijumaa nina kikao na mwalimu mkuu. Wakuu wa Melbourne, Brisbane, Perth, Adelaide: shule iliyofundisha somo hili vizuri, hasa iliyowaita wenyeji wenyewe waje kusimulia, tupieni picha za karatasi hizo hapa chini. Nataka kuingia mle ofisini nikiwa na mfano mkononi.