Mashine ya kusaga ya mji wenu wa zamani: tupeane uzoefu

Mjukuu wa Bibi: Wakuu, jana wameanza kung'oa mabati ya mashine ya kusaga mtaani kwetu. Roho imeniuma sana. Tumekulia pale: foleni ya ndoo na madebe ukutani, injini ya dizeli inadunda mpaka ng'ambo ya mto, msagaji mweupe hadi kope. Mwenye historia ya mashine ya mji wake aiweke hapa.

Mama Pacha: Umenigusa. Ukisikia injini imenyamaza mchana, ujue leo mtalala na viazi.

Mzee wa Reli: Mnaongelea za juzi hizo. Mjini kwetu kulikuwa na kinu cha NMC. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ilitaifisha kampuni za usagishaji, na 1968 likaundwa shirika la National Milling Corporation, ndilo hilo NMC. Mwaka 1973 likapewa na kazi ya kununua mazao ya wakulima. Ukame wa 1973 na 1974 ulipotubana yakaletwa mahindi ya njano kutoka nje, tukala unga wa yanga na tukashukuru.

Dona Tupu: Mzee, malizia basi. Shirika lilielemewa na madeni ya benki mpaka likalala.

Mzee wa Reli: Na madeni yalitoka wapi? Liliagizwa likanunue gunia la kijiji cha mwisho kabisa kwa bei moja ya nchi nzima, halafu mjini liuze sembe kwa bei ya chini. Nauli ya lori alipe nani? Ruzuku ya sembe imeondolewa bajeti ya 1984, miaka yote ile mlikula kwa jasho la shirika.

Dona Tupu: Mkulima aliyesubiri malipo yake ndiye aliyetoa jasho.

Binti wa Sokoni: Jamani acheni siasa kidogo. Nikisoma neno injini naona mkanda tu. Mashine ya kwetu mkanda ulitoka kwenye injini hadi kwenye kinu, mrefu, hauna kizuizi chochote, na njia ya kwenda kupokea unga ilipita ubavuni mwake. Mama alikuwa ameinama akikinga unga, mdogo wangu mgongoni. Pindo la kanga likanaswa. Niliona kanga inavutika, mama anarudi kinyumenyume, anashika nguzo kwa mkono mmoja na mwingine kamshika mtoto. Kelele za injini zilimeza sauti yake. Aliyemwokoa ni kijana wa kubeba magunia, alichomoa kisu akakata kanga kiunoni. Kipande kilichobaki kilizunguka kwenye puli mpaka kikawa nyuzi. Mama alivunjika bega, mtoto hakupata hata mchubuko. Mwenye mashine hakuja hata kutoa pole.

Mama Pacha: Mungu wangu. Mama yupo?

Binti wa Sokoni: Yupo, anasali kila siku. Mkono wa kulia haupandi juu ya kichwa.

Fundi Nyundo: Pole sana dada. Mimi natengeneza mashine hizi. Mkanda lazima uzungushiwe wavu wa chuma, na anayesagisha asivuke mlango wa chumba cha injini. Ukiona unga unatoka moto na una chenga, nyundo za ndani ya kinu zinazoponda mahindi zimelika au chekeche limetoboka, zima kwanza.

Dona Tupu: Na mahindi yalowanishwe kidogo kabla ya kukoboa, ganda litoke vizuri.

Mama Pacha: Usithubutu, unga utavunda.

Fundi Nyundo: Kukoboa lowanisha, halafu anika yakauke ndipo usage. Mabichi yanaziba chekeche. Na unga ukitoka mashineni utandaze upoe kabla ya kufunika.

Mama Pacha: Nyie kuleni tu dona, mmalize ubishi.

Mzee wa Reli: Mjukuu, injini wameshaitoa? Isiende chuma chakavu kabla hujapiga picha kile kibao chake, kina namba na jina la kiwanda. Arusha mpaka leo kuna kata inaitwa Unga Limited, angalau wao wamebakiwa na jina.

Mjukuu wa Bibi: Bado ipo. Naenda sasa hivi, lori lao linakuja saa kumi.