Paneer yangu imebaki forodha, na wageni ni Jumamosi

Mama Rukia, Leicester:
Assalaam alaykum jamaa. Nimerudi juzi kutoka Mombasa. Begini nilikuwa na kilo ya paneer, ile jibini nyeupe ya Kihindi, niliyotengenezewa na jirani yetu wa Kizingo, pamoja na chupa ya samli. Pale uwanja wa ndege wa hapa Uingereza wakafungua, wakachukua vyote, wakanipa karatasi na Notisi 12A, ile ya kueleza la kufanya ukinyang'anywa vitu. Jumamosi wazazi wa mchumba wa mwanangu wanakuja kula. Ni Wahindi, Wagujarati, hawali nyama wala mayai, na nilishaahidi palak paneer, mchuzi wa spinachi na paneer. Nauliza mawili: karatasi hii itanisumbua kwenye ILR, ombi la ukaazi wa kudumu, mwezi ujao? Na mchuzi nitaupikaje ubaki kijani? Wangu hugeuka rangi ya majani makavu.

Baba Faraj, Slough:
Pole sana mama. Maziwa na nyama kutoka Kenya havipiti, na tangu Aprili 2025 hata jibini ya Ufaransa wanaichukua. Kupinga una mwezi mmoja, lakini utapinga nini? Mimi walininyang'anya nyirinyiri ya mama mkwe, nyama ya ngamia aliyoikaanga kwa mikono yake, nikahojiwa mpaka basi likaniacha. ILR yangu niliipata enzi za BRP, kadi ya ukaazi, kabla ya eVisa ya mtandaoni, mambo yalikuwa mengine. Nenda dukani ukanunue jibini yoyote nyeupe.

Bi Zuhura, Birmingham:
Baba Faraj, usimpoteze mwenzio. Baadhi ya jibini za dukani hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na hao wageni hawatazigusa. Paneer hugandishwa kwa ndimu tu, ndiyo maana hata ukiichemsha haiyeyuki.

Mama Rukia, chukua lita 2 za maziwa ya kifuniko cha buluu. Ya kifuniko chekundu hayana mafuta, na yale ya boksi yanayokaa miezi hayagandi vizuri. Chemsha, yakipanda zima moto, tia ndimu kijiko kijiko huku unakoroga polepole. Utaona mabonge yanajitenga na maji yanakuwa ya kijani-manjano. Hapo acha, usizidishe ndimu. Mwaga kwenye kitambaa cha melimeli, suuza kwa maji baridi kuondoa ukali, kamua, kunja, weka sufuria nzito juu kwa saa nzima. Utapata kama gramu 300. Maji yake kandia chapati.

Spinachi, gramu 500 au zaidi maana hunywea. Itie kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja, toa, tumbukiza kwenye maji ya barafu, kisha saga na pilipili mbichi. Rangi inaharibika kwa kupika sana na kufunika sufuria. Kaanga jira kwenye samli, kitunguu, thomu, tangawizi, manjano kidogo, ndipo umimine spinachi. Dakika tano tu. Paneer mwisho, na majani makavu ya uwatu uyafikiche mkononi.

Mwalimu Said, Cardiff:
Bi Zuhura, tusome swali kabla ya kujibu. Wagujarati wanaokula mboga tupu si wote sawa. Kama ni wa dini ya Kijaini au wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, ukitia kitunguu na thomu umewafungia mlango. Waulizwe kwanza.

Bi Zuhura:
Mwalimu, nimepika na Wahindi wa Ngara miaka mingi, najua. Asiyekula kitunguu hutiliwa mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, chembe kidogo kwenye samli ya moto. Nilikuwa sijafika.

Mzee Athumani, Leicester:
Wanangu, wengi wa hao Wagujarati wa hapa ni wenzetu. Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, na halmashauri ya mji huu ikatangaza kwenye gazeti la Uganda Argus kuwataka wasije. Wakaja, na Belgrave Road yote, mtaa wa maduka ya Kihindi, mnaiona. Wazee wao Kiswahili wanakisema. Mama Rukia, wakaribishe kwa Kiswahili, utaona uso wa yule baba. Mimi nikipita pale nikasikia mtu anaita “mama, karibu” nasimama, nakumbuka soko la Markiti alasiri, harufu ya bizari inakufikia kabla hujaona duka.

Mama Rukia:
Ahsanteni. Nimeuliza, ni Swaminarayan. Basi mvuje. Na ile spinachi ya soko la Kongowea, Mombasa, yenye bua nene jeupe ndiyo hii?

Bi Zuhura:
Siyo. Ile ni ngumu na ina maji. Nunua ya majani madogo laini. Na mvuje wa kopo mwingi huchanganywa unga wa ngano, kwa hiyo kama kuna mgeni asiyekula ngano, soma nyuma.

Baba Faraj:
Duka gani Belgrave Road wanauza mvuje usiochanganywa? Mke wangu ameniuliza sasa hivi.