Onyo la kigeu kisichopewa thamani: linatokea kwa -O2, halitokei kwa -O0

Muulizaji

Habari zenu, wataalamu. Nina programu ya C ninayoikompaili kwa GCC, nikitumia -Wall (inayowasha maonyo mengi) pamoja na -Werror (inayogeuza kila onyo kuwa kosa). Kwa -O0, yaani bila uboreshaji, inapita kimya, lakini nikipandisha uboreshaji hadi -O2 kompaila inagoma kwa onyo la -Wmaybe-uninitialized, ikidai kwamba huenda n ikatumika kabla ya kupewa thamani. Kiini chake ni hiki:

```c
int n;
if (p->aina == 1) n = soma(p);
andika_logi(p);
if (p->aina == 1) tuma(n);
```

Masharti yote mawili ni yale yale. Je, hii si kasoro ya kompaila? Na kwa nini onyo lisitokee tangu -O0?

Jibu la kwanza

Nianze na swali la pili, kwa kuwa ni jepesi. Kwa -O0 GCC haifuatilii hali za vigeu kutoka tawi moja hadi jingine. Ufuatiliaji huo ni sehemu ya kazi ya uboreshaji, na onyo hili linatokana nao.

Ama masharti, ni yale yale kwako wewe unayejua andika_logi inafanya nini. Kompaila inachokiona ni kwamba umeikabidhi p fanksheni ambayo mwili wake umo katika faili jingine, na C inairuhusu fanksheni hiyo ibadilishe p->aina. Ikigeuka kutoka 0 kuwa 1 njiani, utatuma takataka. Hata ukitangaza kigezo chake kuwa const hutasaidika, maana const ya namna hiyo haizuii kitu chenyewe kubadilishwa. Nakili mapema, `int aina = p->aina;`, kisha masharti yote mawili yaangalie nakala hiyo.

Usiandike `int n = 0;` kwa pupa. Utainyamazisha kompaila pamoja na Valgrind (chombo kinachokagua matumizi ya kumbukumbu programu inapoendeshwa), na siku kosa la kweli litakapoingia utatuma sifuri bila kuambiwa na yeyote.

Jibu la pili

Nakubali kuhusu nakala, ila kuliacha onyo hili chini ya -Werror ni kujitafutia usumbufu. Mwaka 2020 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilizima katika ujenzi wa kawaida wa kerneli ya Linux, kwa kuchoshwa na maonyo ya uongo. Ongeza -Wno-error=maybe-uninitialized: utaendelea kuliona, lakini halitasimamisha kazi.

Muulizaji

Ahsanteni. Nakala imeliondoa. Limebaki moja, ambapo kigeu kinapewa thamani ndani ya kitanzi `for (i = 0; i < idadi; i++)` na kutumika baada yake. Kitanzi hicho huzunguka angalau mara moja daima.

Jibu la kwanza

Hiyo "daima" imeandikwa wapi ndani ya fanksheni? Ikiwa idadi inasomwa kutoka kwenye faili, weka `if (idadi <= 0) return -1;` kabla ya kitanzi, kwa sababu hilo silo onyo la uongo.