Watoto wa Kangagani 🌴 (kikundi cha familia)

Da Mauwa: Asalaam aleikum. Nawarejelea tena nyie mnaosoma mkapita. Jumatatu saa 2 asubuhi tuwe Mahkama ya Kadhi Wete, mirathi ya marehemu baba. Nataka mashahidi wawili wa habari ya ndugu yetu Abuu, hasa waliokuwepo Unguja ile Septemba 2011. Mnajijua

Saidi Fundi: Waleikum salaam. Jumatatu nna kazi Micheweni

Da Mauwa: Kila siku una kazi Micheweni

Nasra: 😂 nyumba ya Micheweni haimaliziki tokea Ramadhani

Kombo: Ishaota mizizi hiyo. Da Mauwa chai ipo? Mie bila boflo na pweza siendi mahkamani

Da Mauwa: Kombo tafadhali. Nimeongea na karani, fungu la Abuu haligaiwi wala halifutwi, linawekwa, kwa sababu yeye ni mafkudi, hajulikani yu hai au kafa, na kufa kwake hatusemi sie, anahukumu kadhi akishasikia ushahidi. Sasa ushahidi uko wapi? Mtaa mzima unasema alikuwemo kwenye Spice Islander ile iliyozama, mie nauliza nani alimuona anapanda? Meli ya abiria 600 ikajazwa vile, watu wametoka kula Sikukuu wanarudi Pemba, wangapi hawakuandikwa majina? Kutoandikwa jina si hoja, na kusema "bila shaka alipanda" nayo si hoja

Da Mauwa: Naona tiki za buluu tu

Ami Hamad: Mie Maisara walikolazwa maiti nilikwenda. Nilifunua shuka moja moja, mkono ukawa unatetemeka nakazana tu, namtafuta kwa kovu la kisiginoni lile la panga. Sikumuona. Na wapo waliozikwa kule kijiji cha Kama bila kutambuliwa. Allah ndiye ajuae

Da Mauwa: Ahsante ami. Hayo hayo ukayaseme kwa kadhi

Nasra: Na useme usiku wa Alkhamisi alilala wapi. Maana kuna nyumba alibisha hodi hakufunguliwa

Ami Hamad: Nasra

Nasra: Nimezua? Angelala pale angengoja arudi na Saidi, ndo walivyopatana

Bi Salma: Hayo tena?? Mie nilikuwa Bububu kwa mama anaumwa, nyumba ilikuwa haina mtu, nishaapa mbele ya watu wazima na wewe Nasra ulikuwepo

Kombo: Jamani karafuu zimepanda bei au nyie mmepanda presha 😅

Da Mauwa: Kombo nyamaza

Saidi Fundi: Kwani tusisome hitma tu yakaisha. Karafuu zinapukutika chini kule, kila mtu anaogopa kugusa shamba

Mama: Nimesomewa yote na huyu mjukuu ndo ananiandikia. Hitma ya mwanangu hamsomi. Mie sijasema yu hai, sijasema kafa, nyie mnaosema njooni mnambie mmeona nini. Mwaka 2020 walipotaka alama za vidole kusajili laini za simu nilipanga foleni na magoti haya, mkanambia mama chukua laini mpya, nikakataa, Abuu namba yangu anayoijua ni hii. Fungu lake liacheni papo hapo. Salma ushaapa, imetosha. Nasra fyata ulimi

Nasra: Nisamehe mama

Bi Salma: Ahsante wifi

Kombo: 🤲

*Jumamosi*

Da Mauwa: Sasa twende tusiende? Mama hajakataza kwa kadhi, kakataza hitma

Ami Hamad: Twende. Tuseme tunachokijua tukomee hapo, hatuendi kumzika mtu. Ila boti ya Jumapili sijapata tiketi bado

Da Mauwa: Na shahidi wa pili? Saidi wewe ndo uliongea naye kwa simu mchana ule wa Ijumaa. Saidi?

Da Mauwa: Saidi

*Jumapili, saa 4 usiku*

Saidi Fundi: Ndo naona sasa hivi, chaji ilikata. Ni kesho hii au Jumatatu ya wiki ijayo?