Ndoa ya Mkatoliki na Mwislamu: ni lazima mmoja abadili dini?

Muulizaji, Morogoro
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki na mchumba wangu ni Mwislamu anayeishika dini yake. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayemlazimisha mwenzake kubadili. Shangazi yangu anashikilia kwamba Kanisa haliwezi kutufungisha ndoa na kwamba nitatengwa, ilhali wazee wa mchumba wanataka nikaha ifungwe kwanza, ndipo twende kanisani. Naomba mwenye ufahamu anieleze sheria inasemaje.

Katekista mstaafu
Milele amina, binti yangu. Ungekuwa unaolewa na Mlutheri aliyebatizwa, ungehitaji kibali tu; lakini kwa kuwa mchumba wako hakubatizwa, kipo kizuizi cha tofauti ya dini, kinachotajwa katika kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, na ndoa ikifungwa kabla hakijaondolewa ni batili mbele ya Kanisa. Askofu wa jimbo ana mamlaka ya kukiondoa, na paroko ndiye humpelekea maombi. Mchumba wako hatakiwi kubatizwa. Ni wewe utakayetamka kwamba uko tayari kuepuka hatari ya kuiacha imani, na kuahidi kwa moyo wa kweli kufanya yote uwezayo ili watoto wote wabatizwe na kulelewa Kikatoliki; yeye hujulishwa ahadi hiyo, tofauti na sheria za mwaka 1917 ambazo zilimdai ahadi hata asiye Mkatoliki. Nikaha ndiyo yenye ugumu, kwa sababu kanuni ya 1127 inakataza adhimisho jingine la kidini la kutoa au kurudia ridhaa ya ndoa, liwe kabla au baada ya lile la Kanisa.

Mama, Tanga
Mdogo wangu, nimeolewa na Mwislamu kwa kibali cha askofu, na naona katekista ameipita haraka mno ahadi ya watoto. Katika Uislamu mtoto hufuata dini ya baba, na mumeo atakuwa na wajibu wake mbele ya Mungu kama wewe ulivyo na wako. Zungumzeni sasa, kabla ya mahari, mtoto atapewa jina gani, atabatizwa au la, na atafundishwa dini wapi, kwa maana mkisubiri azaliwe, bibi wa pande zote mbili watakuwa wameshaamua. Fahamu pia kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa iliyofungwa Kiislamu Tanzania Bara huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, isipothibitishwa vinginevyo.

Muulizaji, Morogoro
Asanteni sana. Wazee wakikataa kabisa kanisa, tukaenda bomani?

Katekista mstaafu
Serikali itaitambua, lakini kwa Kanisa haitakuwa halali bila ruhusa ya askofu, na hutapokea Komunyo hadi irekebishwe, ingawa hutengwi na Kanisa, na Misa na jumuiya utaendelea kuhudhuria. Mkifunga kwa kibali, ndoa yenu ni halali kamili hata kama si sakramenti, kwani sakramenti hiyo huwa kati ya wabatizwa wawili. Kanuni ya 1118 inaruhusu ndoa ya namna yenu kufungwa hata mahali pengine panapofaa nje ya kanisa, na huenda hilo likawarahisishia wazee kuhudhuria. Mwombe paroko alieleze hilo wakiwapo.